KIBOKO HAKITIBU: HABARI YA WATOTO WETU WANAOFUKUZWA SKULI



Katika mkutano wa tawi uliopita ndugu mmoja alisimama akasema ya kuwa karatasi hii ishughulike na mishahara, na mambo ya watoto watukutu waachiwe akina mama nyumbani. Wako waliopiga makofi. Sisi tunaoiandika hatukupiga, na leo twataka kueleza kwa nini.

Kwa muda sasa mastewadi wetu wanaletewa kesi za namna moja. Mwanachama, na mara nyingi ni mama, anaitwa skuli saa nne za asubuhi. Anaomba ruhusa, msimamizi anamkatia siku nzima. Juma la pili anaitwa tena. Mara ya tatu au ya nne mama anapewa barua ya onyo kazini, na mtoto anapewa barua ya kutoka skuli. Mama mmoja wa Makadara, mshonaji kiwandani, alituletea barua zote mbili zimekunjwa pamoja. Ya skuli ilisema mtoto wake wa miaka 9 hatulii, hasikii, anaruka majibu kabla ya swali kwisha, amepoteza vitabu na sweta, na "ameshindwa kurekebishwa". Ya kazini ilisema mama mwenyewe hana bidii. Tukauliza, huyo mtoto amerekebishwa kwa njia gani? Akajibu: kwa kipande cha mpira wa maji.

Ndugu, mshahara umekatwa, kazi iko hatarini, na mtoto amepigwa. Hayo yasipokuwa mambo ya chama, basi chama ni cha nini? Sisi wa Eastlands tumeyasikia zamani maneno haya ya "shughulikeni na mshahara tu". Katika holi ya Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alipotoa azimio la kutaka uhuru wa Afrika Mashariki, wakubwa walisema vile vile: mtu wa chama cha wafanya kazi aangalie kazi. Mwezi uliofuata wakamkamata, na hakuachiliwa hata 1961.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe, maana wengi wetu hatujaelezwa hata mara moja.

Iko hali ya ubongo ambayo madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD. Si fasheni ya jana. Mwaka 1902 daktari wa London aitwaye George Still aliwasimulia wenzake habari za watoto ambao akili zao zilikuwa nzuri, lakini walishindwa kabisa kujizuia na kutulia. Jina la hali hii limebadilishwa mara nyingi, na hili la sasa ni la 1987. Hesabu zilizokusanywa kutoka nchi nyingi za dunia zaonyesha ya kuwa ni kama watoto 5 katika kila 100. Katika darasa la watoto 60, hao ni watatu. Kila mwalimu wa Kayole au Umoja anao, ajue asijue.

Nini hasa kinachokosekana kwa mtoto huyo? Tuseme kwa lugha ya kiwanda. Kiwanda chaweza kuwa na mashine nzuri na mafundi hodari, lakini nyapara asipofika, kazi inaharibika: watatu wameshika kazi moja, nyingine haina mtu, na oda ya leo inafanywa kesho. Nyuma ya paji la uso iko sehemu ya ubongo inayofanya kazi ya unyapara. Ndiyo inayosema "ngoja kwanza". Ndiyo inayoshika maagizo matatu kichwani wakati mkono unafanya la kwanza. Ndiyo inayopanga lipi litangulie na lipi lifuate, inayokutoa katika kazi moja kukutia katika nyingine, na kukujulisha ya kuwa saa zinakwenda. (Manyapara wengi wa kazini hatukuwapenda, twakubali, lakini huyu wa kichwani hakuna awezaye kuishi bila yeye.)

Nyapara huyo hazaliwi anajua kazi. Anakua pole pole, hata mtu apite miaka 20. Kwa mtoto wa ADHD anakawia zaidi. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitoa habari ya picha walizopiga za bongo za watoto kwa miaka mingi. Waliona ya kuwa ngozi ya juu ya ubongo ilifikia unene wake mkubwa kwa watoto hao wakiwa na miaka kama kumi na nusu, na kwa wenzao miaka saba na nusu. Ni kukawia kwa miaka 3 hivi, na sehemu iliyokawia zaidi ndiyo hiyo ya mbele. Kwa hiyo skuli inapomdai mtoto wa miaka 9 utulivu wa miaka 9, huenda inamdai deni ambalo hana cha kulilipia.

Na hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtoto huyu anazijua sheria za skuli. Mwulize, atakutajia zote, pengine upesi kuliko wenzake. Kinachomshinda ni kuitenda sheria katika dakika ile inayotakiwa. Sasa fimbo itamfundisha nini? Fimbo ni ya kumwambia mtu jambo analolijua tayari. Inakuja baada ya kosa, na yeye shida yake iko kabla ya kosa, katika ule muda mfupi wa kujizuia. Matokeo yake ni mtoto anayejua sheria, anayeendelea kuivunja, na juu ya hayo anaogopa kwenda skuli. Akifika miaka 12 amekwisha amini ya kuwa yeye ni mbaya. Jioni utamkuta steji ya matatu.

Wako pia wasioruka wala kupiga kelele. Wasichana mara nyingi huwa wa namna hii. Anakaa kimya, anatazama dirishani, daftari tupu, ameambiwa vitu vitatu amekumbuka kimoja. Huyu hafukuzwi. Anaitwa mzito, anaachwa nyuma ya darasa, na hakuna anayemwandikia barua mzazi. Tunamtaja kwa sababu mtu akisikia ADHD hufikiri mvulana anayepanda ukuta tu.

Tumesikia majibu ya ndugu zetu. La kwanza ni hili: "Sisi tulichapwa na tukasoma." Vema. Lakini tuliochapwa tukasoma ndio tulio hapa mkutanoni kusema. Waliochapwa wakatoroka skuli darasa la nne hawajapata nafasi ya kusimama na kutoa hadithi yao. Kila mmoja wetu anakumbuka jina la mmoja katika darasa lake. Tena baba zetu walichapwa viboko na mabwana wa mashamba wakiambiwa ya kuwa Mwafrika hafanyi kazi bila kiboko. Vyama vilikataa maneno hayo kazini. Twashangaa kusikia mwanachama wa chama akiyarudia kwa mwanawe.

La pili: "Huo ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri." Hapana. Tofauti iko katika kutendewa. Mtoto wa Karen akiwa na hali hii hupelekwa kwa daktari na kutafutiwa mwalimu wa peke yake. Mtoto wa Kariobangi hupelekwa ofisini. Ubongo ni ule ule, mfuko wa baba ndio tofauti.

La tatu, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: ni laana, au ni mapepo, au mama hajui kulea. Madaktari wamelichunguza sana jambo hili, wakatazama hata mapacha. Wameona ya kuwa chanzo kikubwa ni urithi wa damu, kama urefu wa mtu. Mara nyingi baba anaposimuliwa dalili hunyamaza, kwa maana anajisikia mwenyewe. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mdogo mno wa uzito, yumo hatarini zaidi. Sukari haileti hali hii, wala malezi ya mama. Mama aliyekwisha lea wanne wakatulia hakusahau kulea alipofika wa tano.

Lakini liko jambo moja linaloharibu bongo za watoto ambalo linatoka kazini kwetu, nalo ni risasi, ile metali ya betri za gari, ya rangi za zamani, na ya takataka zinazochomwa. Shirika la Afya la Dunia lasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Inaingia katika ubongo wa mtoto, inapunguza akili, inamwongezea hatari ya kutotulia na ya kushindwa kujizuia. Jaa la Dandora lilifunguliwa 1975, na 2001 lilisemwa limejaa, lakini malori yakaendelea kumwaga. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo ofisi zake ziko hapa hapa Nairobi, lilitoa habari ya watoto 328 waliopimwa karibu na jaa hilo. Nusu yao walikutwa na risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichohesabiwa wakati ule kuwa cha hatari. Nusu! Sasa waulize watoto hao kwa nini hawatulii darasani.

Na tusifikiri ni Dandora peke yake. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilitia sumu kijiji kizima. Mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi humo, Phyllis Omido, akaona mtoto wake mchanga anaugua, akaanza kupigana. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 korti ikaamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Rufani ikaiondoa amri hiyo 2023, na Korti Kuu ya juu kabisa ikairudisha Desemba 2024. Ni mfanya kazi aliyeanza jambo hilo, ndugu. Hakungoja profesa.

Kwa hiyo wewe unayevunja betri, unayepaka rangi kwa kupuliza, unayechomelea radieta katika vibanda vya jua kali: usiende nyumbani na ovaroli ya kazi ukambeba mtoto. Vumbi la risasi hukaa katika nguo na nywele. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka tajiri aweke mahali pa kunawa na pa kuwekea nguo. Akikuambia hapana nafasi, mlete kwetu.

Twarudi skulini. Wako wanaotaka tuwatukane waalimu. Hatutafanya hivyo. Waalimu ni wafanya kazi, wana chama chao cha KNUT tangu 1957, na wanajua mshahara mdogo ni nini. Mwaka 2003 karo ya skuli za msingi ilipoondolewa, watoto zaidi ya milioni 1 waliingia madarasani katika nchi nzima. Lilikuwa jambo jema kabisa, lakini waalimu hawakuongezwa kwa kadiri ile. Mwalimu aliye na watoto sabini, ubao mmoja na saa moja, akimwona mmoja anaruka kutoka dawati hata dawati, anashika kilicho karibu. Tunaelewa alivyofika hapo, ila hatukubali abaki hapo. Kanuni za kuchapa viboko skulini zilifutwa 2001. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, imekataza mtu kutendewa ukatili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, imeweka faini ya hata shilingi 100,000 au kifungo cha hata miezi 6, au vyote viwili, kwa anayemtendea mwanafunzi ukatili wa mwili au wa moyo. Na kifungu cha 35 chasema mwanafunzi asirudishwe darasa wala kufukuzwa; hata kwa yule mkaidi kupita kiasi, njia nyingine zote lazima zijaribiwe kwanza. Mwenye kuandika "ameshindwa kurekebishwa" na aonyeshe orodha ya alizojaribu. Mpira wa maji hauhesabiwi.

Njia zenyewe si za gharama. Mtoto akae mbele, karibu na mwalimu, mbali na dirisha na mlango. Apewe agizo moja, akilimaliza apewe la pili. Atumwe chaki, afute ubao, agawe vitabu, kwa sababu mwili wake unataka kwenda. Akifanya vizuri aambiwe pale pale, asingoje siku ya ripoti. Kazi ndefu ikatwe vipande. Nyumbani ni vivyo hivyo: viatu mahali pamoja, mkoba ufungwe usiku, saa ya kulala iwe ile ile. Sheria za nyumba ziwe chache na zishikwe. Hatusemi mtoto aachiwe afanye apendavyo. Mtoto huyu ndiye anayehitaji utaratibu kuliko wote, ila uwe utaratibu anaouona kwa macho, maana ule wa kichwani bado haujakomaa.

Tunajua ndugu atakayecheka hapo: "Mahali pa viatu? Saa ya kulala? Katika chumba kimoja?" Ana haki ya kucheka. Nyumba nyingi za zamani za Eastlands zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa mwanamume aliyehesabiwa hana jamaa mjini: chumba kimoja, choo na bomba la pamoja. Leo chumba kile kina watu sita, redio ya jirani, na taa isiyozimwa mpaka kaka mkubwa arudi kazini. Ubongo wa kila mtoto huchoka bila usingizi, na ule wenye nyapara dhaifu huchoka mara mbili. Wako akina mama wa Kayole wanaopeana zamu: watoto wote wa ploti wanafanya kazi za skuli katika chumba kimoja, saa moja kila jioni, redio imezimwa. Ni jambo dogo, lakini tumeliona linafanya kazi.

Sasa habari ya kupimwa. Si kila mtoto asiyetulia ana ADHD. Wengine wana njaa, wengine masikio hayasikii, wengine hawaoni ubao, wengine wameona mambo nyumbani ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Ndiyo maana apimwe na mtu anayejua. Daktari atauliza kama dalili zimekuwapo miezi 6 au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na skuli. Atataka kusikia mzazi na mwalimu. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD, kwa hiyo mtu wa kliniki ya uchochoroni akikuuzia kipimo cha namna hiyo, anakula jasho lako.

Serikali ina vituo vya kupima watoto wenye shida za kujifunza, viitwavyo EARC, tangu 1984, vilivyoanzishwa kwa msaada wa Denmark. Uliza katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Chuo cha elimu maalum, KISE, kilichoanzishwa 1986, kiko Kasarani. Hospitali ya Kenyatta na ile ya Mathari zina madaktari wa akili. Tunajua watu wanaogopa kuonekana geti la Mathari. Basi mama aende na stewadi wake, tutakwenda pamoja. Dawa ziko, na iliyo mashuhuri ni methylphenidate, iliyotengenezwa mara ya kwanza 1944. Huwasaidia watoto wengi kutulia na kushika kazi. Yaweza pia kupunguza hamu ya kula na kuharibu usingizi, kwa hiyo ni ya daktari, na daktari amtazame mtoto mara kwa mara. Asiyeitaka asilazimishwe, anayeitaka asitishwe na majirani.

TUNATAKA NINI?

Kwa matajiri: Sheria ya Kazi ya 2007 inampa mfanya kazi siku 21 za likizo na siku za ugonjwa wake mwenyewe. Kwa mtoto mgonjwa haina hata siku moja. Basi katika mapatano yajayo tutadai saa za ruhusa zenye malipo kwa mzazi aliyeitwa skuli au kliniki, kwa barua, bila kukatwa na bila onyo. Tajiri atalia gharama. Na apige hesabu ya kumfukuza mshonaji wa miaka 8 na kumfundisha mpya.

Kwa serikali: tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya mshahara wetu inakatwa kila mwezi kwa ajili ya SHA. Hatukuulizwa kama tunapenda. Sasa sisi tunauliza, na twataka jibu la maandishi: mtoto wa mwanachama akihitaji kupimwa hali hii, na daktari, na dawa, mfuko unalipa kiasi gani, na katika hospitali ipi ya Eastlands? Jibu likija tutalichapa hapa, neno kwa neno. Lisipokuja tutachapa hilo pia.

Kwa ndugu zetu wa vyama vya waalimu: tuketi pamoja. Dai lenu la madarasa madogo ni dai letu. Mkigoma kwa ajili ya hilo hamtasikia mzazi wa tawi hili akiwalaumu. Nanyi mtusaidie kuondoa ule mpira wa maji ofisini.

Yule mama wa Makadara bado yuko kazini. Onyo lake tumelipinga na linasikilizwa. Mtoto yuko nyumbani na nyanya yake juma la tatu sasa, naye tumemwandikia mwalimu mkuu, tukitaja kifungu cha 35.

Mwanachama yeyote mwenye barua ya skuli ya namna hii, au siku aliyokatwa kwa sababu ya kuitwa skuli, ailete kwa stewadi wake kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Lete barua yenyewe na pay-slipu ya mwezi ule. Usimpe msimamizi nakala ya pekee uliyo nayo.

Kamati ya Tawi